Sweta la mtu wa Makete

Najua nimepotea tangu mitihani iishe, na kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimeoa kimyakimya. Sijaoa jamani. Nilikuwa nafuma. (Kufuma, sio kufumania... nawajua nyinyi, teh teh.)

Kwa mliozoea joto la Dar, Mbeya mwezi wa sita na wa saba sio mahali pa mchezo. Asubuhi ukitoka geto hapa Soweto, mdomo unatoa moshi kama lori linalopanda Kitonga. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Mzaramo, alikuja chuo na fulana nne na shati moja la kusajilia. Mwaka jana wakati wa baridi alikuwa analala na viatu! Nikamwonea huruma. Nikachukua spoku mbili za baiskeli, nikazisugua kwenye sakafu mpaka ncha zikawa laini, nikamfumia mzula.

Kufuma nimekutoa kwa mama. Alikuwa na mashine ya masweta ya shule, na kazi yangu ilikuwa kukaa mbele yake nimenyoosha mikono miwili, uzi umezungushwa, yeye anauviringisha kuwa donge. Kufuma kwa mkono alinifundisha ili nisimsumbue. Sikuwahi kumwambia mtu chuoni. Ila Mzaramo alivaa ule mzula kwenye kipindi cha Saikolojia ya Elimu, basi, siri ikaishia hapo. Wiki haikuisha nikawa na watu watatu mlangoni.

Uzi mpya ni ghali, kwa hiyo nakwenda Mwanjelwa kwenye mitumba. Soko lile liliungua mwaka 2006 na kujengwa upya, na nguo za baridi hazikosekani. Usikimbilie rangi, geuza sweta uangalie mshono wa ubavuni. Likiwa limekatwa na kupigwa ovaloki, liache, ukilifumua utapata vipande vipande vya kufungia mchicha. Likiwa limefumwa kwa umbo lake halafu likaungwa, hapo unavuta uzi mmoja mpaka unachoka mwenyewe. Unakuja umejikunja kama tambi. Unaufunga kamba legevu, unaloweka maji ya vuguvugu, unaanika na chupa ya maji ikining'inia chini ili unyooke. Sweta moja kubwa la elfu tatu linanipa sweta la mtu wa kawaida na mzula juu.

Bumu lilipoingia nikafanya ujinga. Sehemu ya pesa ya pango nikampa fundi seremala wa jirani anitengenezee fremu ya mbao, nikagongelea misumari juu na chini. Unatanda nyuzi kutoka msumari hadi msumari, huo ndio mtande, halafu unapitisha mshindio juu, chini, juu, chini. (Maneno hayo nimeyakuta kwenye kamusi, kumbe Kiswahili chetu kinavyo vyote.) Kitanda changu nikakisogeza dirishani, fremu ikaegemea ukuta, Mzaramo sasa anapita kwa ubavu akienda kulala. Yeye anaita kiwanda.

Kuna wanaosema hii ni kazi ya bibi. Nilikuwa naumia, msidhani. Mpaka siku moja kwenye kipindi cha Historia tukafika kwa Wafipa na watu wa bonde la Ziwa Rukwa, hapo hapo jirani zetu. Kabla ya ukoloni walikuwa wanalima pamba, wanasokota na kufuma nguo nzito walizoziita seketa, na waliokaa kwenye mitambo ile walikuwa wanaume. Halafu karne ya 19 ikaja merikani, kile kitambaa cha viwanda vya Marekani kilichoshushwa Zanzibar na kupelekwa bara na misafara, na nguo za viwandani zikazidi kuja mpaka ufundi ule ukafifia. Niligeuka nyuma kumtafuta kwa macho yule jamaa wa bibi. Alikuwa amelala!

Likizo fupi nikashuka Iringa kwenda Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, ambako mafundi ni watu wenye ulemavu. Mgahawani kwao unaandika unachotaka kwenye karatasi maana wahudumu ni viziwi. Kwenye chumba cha kufumia nilimwonyesha fundi mmoja skafu yangu, ilikuwa imebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Alicheka. Akanionyesha kwa vidole kwamba mshindio hauvutwi, unalazwa umepinda kama upinde halafu ndio unashindiliwa. Dakika mbili tu, bila neno, na kingo zangu zimenyooka tangu siku ile.

Sasa tatizo. Kila mtu chuoni ni mshikaji wangu, na mshikaji ana bei ya ushikaji. "Nitakurushia bumu likiingia." Bumu likaingia, likatoka, mimi nimekaa na daftari la madeni. Mama mwenye nyumba ananisalimia "Ugonile, mwalimu," halafu anabaki amesimama tu mlangoni. Mbaya zaidi ni kukaa nyuma ya mdeni kwenye ukumbi wa mihadhara, unahesabu vitanzi ulivyofuma kwa siku tisa huku yeye anaota joto.

Mmoja nilimchukia hasa. Dada wa mwaka wa pili, sweta la kijani, elfu kumi na tano. Kila akiniona anakata kona. Nikamtumia meseji, sio nzuri, sitaiandika hapa. Jumatatu iliyopita akaja geto na mfuko wa rambo. Sweta lilikuwa limefuliwa na kukunjwa. Mkopo wake ulikuwa haujatoka muhula mzima, anaahirisha masomo, anarudi kwao Makete. "Kaka, lifumue tu, uzi wake bado mzima. Usije ukapata hasara kwa ajili yangu."

Makete jamani. Baridi ya kule hii ya kwetu ni utani.

Nilisema "sawa dada." Ndio kitu pekee nilichosema, mtu mzima na akili zangu. Akaondoka na kanga mabegani.

Siku tatu sweta lilining'inia kwenye msumari juu ya fremu. Nina oda ya mizula miwili ya kijani, mteja analipa taslimu, na mama mwenye nyumba nimemwahidi Ijumaa. Jana usiku nilitafuta ncha ya uzi, nikaipata, nikaishika. Mzaramo akaamka akaniuliza nafanya nini saa nane usiku.

Leo nimelifunga kwenye gazeti na kuandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Kesho alfajiri nalipeleka stendi ya Nanenane, kuna konda wa basi la Makete amekubali kulibeba kwa elfu mbili. Elfu mbili yenyewe kanikopesha Mzaramo.

Wenye madeni yenu mnajijua. Pango ni Ijumaa.