Mgongo Wangu, Mkono wa Mume Wangu

Kuna maumivu ambayo ukiyasimulia unaonekana mvivu. Yangu yalianza mwaka 2022, shambani hapa Mwitongo, Butiama, nikipalilia mihogo. Kitu kama umeme kilinipiga kiunoni, kikashuka kwenye kalio hadi kisiginoni. Jembe likaniponyoka.

Miezi miwili nikawa mtu wa kulala ubavu. Chumbani, mume wangu akinigusa tu, naruka. Akaanza kunipa mgongo, akidhani nimemchoka. Mama mkwe naye: "Wanawake wa siku hizi, jembe kidogo tu, hoi!" Nililia kimya kimya.

Tukaenda Musoma kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Akasema ni siatika: ule mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, unaotoka chini ya mgongo kwenda mguuni, ulikuwa umebanwa kwenye mizizi yake. Akanipa mazoezi, kisha akanibandika plasta ya bluu inayovutika, ile iliyobuniwa na Mjapani Kenzo Kase miaka ya 1970, na ambayo wengi waliiona kwa wanamichezo wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Mgongoni sijifikii, hivyo akamfundisha mume wangu: ngozi safi, kavu, bila mafuta, niiname kidogo, asiivute sana, ikiwasha, aibandue.

Jamani, nikajiona nimepona! Mazoezi nikayatupa. Wiki tatu baadaye umeme ukarudi kwa hasira. Mtaalamu hakunipaka mafuta: "Dada, plasta inakutuliza kidogo tu ili uweze kujinyoosha. Kazi ni ya mazoezi."

Tukaanza upya. Alfajiri nalala kifudifudi, nainua kifua kwa mikono. Jioni tunatembea wawili, taratibu, kupita nyumbani kwa Mwalimu Nyerere. Njiani ndipo nilipomwambia, "Sijakuchoka, naumwa." Akasimama. "Mbona hukusema?" Nilisema, ila kwa kulia.

Siku moja mama mkwe alimkuta mwanawe akinibandika. Hakutia neno. Kesho yake nikakuta palizi imekwisha.

Shoga, usiige mazoezi yangu. Pimwa kwanza, migongo haifanani. Na mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi plasta nimeiacha, mazoezi bado. Na kila usiku naulizwa, "Mgongo unasemaje leo?" Swali hilo, wenzangu, halibanduki.