Mikocheni Bila Mikoche

Ukipanda daladala mjini Dar es Salaam, msikilize kondakta akitaja vituo: Mikocheni, Mbuyuni, Mwembechai, Mchikichini. Utadhani anatembeza wageni shambani! Miti imekwisha, majina yamebaki. Mwaka 1967 mji huu ulikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano, na wote hao sharti wapate pa kulala.

Mwaka 2017, masika yalipokwisha, akina mama wanne tulifunga safari kuufuata Mto Msimbazi. Mto huu hutoka upande wa vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini penye Daraja la Salenda, ambako mikoko bado imesimama. Zamani mvua ya vilimani ilinywewa na ardhi na mizizi. Siku hizi huangukia mabati na saruji, ikashuka bondeni yote kwa pamoja, na njiani hukuta taka zetu (naam, zetu sisi) pamoja na kingo zilizochimbwa mchanga wa kufyatulia matofali.

Jangwani tulikaribishwa na bibi mmoja mkulima wa mchicha. Ukutani chumbani mwake tuliona mistari miwili ya mkaa. Tulidhani amepima urefu wa wajukuu, kumbe ni maji. Ule wa juu ulitupita vichwani: ni wa Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu wapatao 40 jijini. Tulinyamaza. Wengi wetu tulinunua viwanja wakati wa kiangazi, wala hatukumwuliza mzee yeyote maji hupita wapi.

Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Tulimwuliza bibi mbona hakwenda.

"Mabwepande na soko wapi na wapi, wanangu? Mchicha ungefika umenyauka."

Akatufungia mafungu mawili, akakataa katukatu kupokea fedha.

Tangu hapo umekuja mradi mkubwa wa kulirudishia bonde nafasi yake, na wakazi wengi wamelipwa fidia wakahama. Sisi kila tuendapo sokoni hatuachi kumwulizia bibi kwa wauza mchicha.