Kuingia Oxford kwa Njia ya Mto

Mwanafunzi mpenzi, ukiulizwa kuhusu mandhari ya hadithi, huenda ukaandika "mjini" au "kijijini" kisha ukakimbilia swali linalofuata. Jibu hilo si kosa, ila halitakupa alama nyingi. Hebu tutembee pamoja kidogo, mbali na kwetu, uone jinsi mahali panavyoweza kumfichua mhusika.

Tuanzie Godstow, Uingereza, kwenye magofu ya nyumba ya kale ya watawa wa kike, kando ya Mto Thames. Kutoka hapo hadi daraja la Folly Bridge, upande wa kusini wa mji wa Oxford, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 5. Nilipoupita, ukungu ulikuwa haujaondoka majini. Ng'ambo ya mto umetanda uwanda wa malisho uitwao Port Meadow. Ng'ombe na farasi hulisha humo bila ua wa kuwatenga, na wengine huingia mtoni maji yakawafika magotini. Nilicheka peke yangu. Mji huu ambao watu huutaja kwa heshima kubwa ulipata jina lake kutokana na kivuko cha maksai. Oxford maana yake ni hiyo tu. Nadhani mfugaji wa Narok angelielewa jina hilo kabla ya profesa.

Minara ya vyuo huonekana kwa mbali juu ya miti, kisha njia hupinda nayo ikatoweka. Ukikaribia mjini, unapita nyuma ya nyumba za kawaida, chini ya reli, kando ya mashua ambazo watu wanaishi ndani yake. Sehemu hiyo haina mengi.

Lakini maji hayo yana kisa. Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hisabati wa chuo cha Christ Church, Charles Dodgson, alipanda mashua pale Folly Bridge pamoja na rafiki yake na wasichana watatu, ndugu wa tumbo moja. Walipiga makasia hadi Godstow, huku Dodgson akiwatungia hadithi. Mmoja wao, Alice Liddell, aliyekuwa na umri wa miaka 10, alimsihi aiandike. Kitabu kilitoka mwaka 1865, mwandishi akitumia jina la Lewis Carroll. Mwaka 1940 kilitolewa kwa Kiswahili kama Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo safari ile ya mashua ilifika hadi kwetu.

Sasa jiulize: Alice mwenyewe aliishi wapi? Ndani ya Christ Church! Baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo, na nyumba yao ilikuwa humo humo. Wanafunzi aliwaona kila siku. Hata hivyo, yeye hangeweza kuwa mmoja wao. Oxford ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1920, Alice akiwa na miaka 68, na Christ Church haikupokea wanafunzi wa kike hadi mwaka 1980.

Mtahiniwa mmoja angeandika: "Alice aliishi chuoni Oxford." Mwingine angeandika: "Alice aliishi ndani ya kuta za chuo ambacho hakikuruhusu wasichana kusoma, mandhari haya yanadhihirisha ubaguzi wa kijinsia katika jamii yake." Wote wawili wametaja mahali pale pale. Unajua mtahini atamtuza nani. Basi unaposoma kitabu chako teule, usiishie kwenye jina la mahali. Tazama ni nani anayepita langoni bila kuulizwa, nani anayesimamishwa, na nani anayepitia mlango wa nyuma.

Kutoka Folly Bridge unapanda barabara dakika chache tu, nalo lango kuu la Christ Church liko kulia, chini ya mnara mrefu. Watalii hulipa ili waingie chuoni. Nilisimama ng'ambo ya barabara, viatu vimejaa tope. Msichana aliyekuzidi umri kidogo, begi mgongoni, aliwapita waliokuwa wakipiga picha, akamwamkia bawabu, akaingia.