Betri Juani Chekereni

Niliteremka kutoka Marangu nikiwa nimevaa sweta, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza. Daladala ilipopita Mabogini sweta lilikuwa limeshageuka mzigo wa mkononi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naenda kumsaidia baba mdogo kuvuna mpunga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Chekereni.

Niliposhuka niligeuka nyuma nikauona mlima wote, toka kwenye misitu hadi barafu ya Kibo. Sisi tunaokaa mgongoni mwake hatuuoni hivyo. Mbele yangu yalitandazwa majaruba ya skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa ushirikiano na Japani na kukamilika 1987. Kwetu maji ya mfereji hukimbia kwenye mteremko; hapa yalitembea taratibu kama mzee anayetoka kanisani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage hizo!"

Kwenye bati lililolazwa uani, betri nne za redio zilikuwa zimeanikwa juani kama dagaa. Zilikuwa zimekwisha tangu juzi. Jua, alisema, lingezipa nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Na kweli redio iliongea, kwa sauti ya mgonjwa, kisha ikanyamaza.

Kesho yake nikaipasua betri moja kwa kisu. Ndani kulikuwa na kijiti cheusi cha kaboni, kimezungukwa na unga mweusi uliolowa. Gamba lake la zinki lilikuwa limetoboka matundu, utadhani limeliwa na panya. Nikamweleza nilichofundishwa shuleni: zinki inapoyeyuka huachia elektroni, hizo hupita kwenye waya, huiimbisha redio, kisha hupokelewa na ule unga. Joto la jua huharakisha tu mabaki ya kazi hiyo, haliongezi zinki.

Baba mdogo aliligeuzageuza gamba. "Kumbe redio inakula chuma. Hakuna chuma kinachotoa umeme bila kuliwa?"

Sikuwa na jibu. Nililipata miaka baadaye, chuoni.

Mwaka 1839 William Grove, mwanasheria wa Wales aliyependa sayansi, alitumbukiza vipande vya platini katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Kimoja alikipa haidrojeni, cha pili oksijeni. Umeme ukapita, na platini ikabaki ilivyo. Chuma hicho ni kichocheo, nami hukifananisha na mshenga: hukutanisha pande mbili, ndoa ikafungwa, mwenyewe asiolewe. Juu ya uso wake haidrojeni huachana na elektroni zake. Elektroni huzunguka kwa njia ya waya zikifanya kazi. Protoni zinazobaki hukatiza katikati, ndani ya asidi. Upande wa pili hukutana na oksijeni, na kinachozaliwa ni maji. Apollo 11 ilipokwenda mwezini mwaka 1969 ilipata umeme kwa kukutanisha haidrojeni na oksijeni vivyo hivyo, ikitumia nikeli badala ya platini, na wanaanga wakanywa maji yaliyozaliwa humo.

Hata hivyo mshenga naye huharibiwa. Kaboni monoksidi, hewa ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu waliojifungia chumbani, hung'ang'ania uso wa platini hadi haidrojeni ikose pa kutua. Halafu platini ni ghali, na haidrojeni safi haiokotwi njiani. Ndiyo maana redio nyingi vijijini bado zinakula zinki.

Nilipomletea baba mdogo jibu hilo alicheka, akasema kumbe swali lake lilikuwa la maana. Kisha akanionyesha kopo alilolijaza betri zilizokwisha. Zamani alikuwa akizitupa mferejini. Tangu siku tulipopasua ile moja aliacha, kwa sababu alijiuliza lile gamba lililoliwa limekwenda wapi, na maji ya mfereji ule ndiyo yanayoingia kwenye mpunga wake.

Nawe msomaji, betri ikikwisha, anika ukitaka, lakini usiitupe mferejini.