KENGELE ILILIA, SKRINI HAIKUONESHA MTU



Ndugu zangu katika imani, leo sitaanza na kitabu. Nitaanza na mlango wa nyumba yangu hapa Tanga, kwa sababu mlango huo umenifundisha somo ambalo mimi mwenyewe nimelisomesha watu kwa miaka.

Mwanangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo alituletea kengele ya mlangoni yenye kamera. Mgeni akibonyeza kitufe nje, sisi ndani tunamwona kwenye skrini ndogo ya ukutani na tunazungumza naye. Mama watoto alifurahi, maana mchana huwa peke yake. Mimi pia nilifurahi, ila sababu yangu nitaitaja mbele, maana inaniaibisha.

Masika yalipoingia, picha ikaanza kuharibika. Mchana inaonekana, usiku inatetemeka, inapita mistari, kisha giza. Usiku mmoja baada ya Isha kengele ikalia. Nikatazama skrini. Mistari mistari, ukuta wa jirani, njia tupu. Ikalia tena, hakuna mtu. Ikalia mara ya tatu, kisha kimya.

Mke wangu akasema, "Si utoke ukaangalie?"

Nikamjibu, "Waya umeingia maji, kengele inajilia yenyewe." Nikarudi kwenye chai yangu.

Siku ya pili nikamwita fundi, kijana niliyemfundisha alifu na bee. Nakuelezeni alichofanya, maana huenda nawe una kifaa kama hiki na unakaribia kukitupa.

Kwanza alizima umeme, akasubiri kidogo, akawasha. Haikusaidia. Pili alifuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini na kuondoa utando wa buibui. Alinieleza kuwa usiku kamera huwasha taa zake ndogo, na utando ukiwa mbele hurudisha mwanga, picha ikawa na ukungu. Tatu alichukua mita akapima umeme. Kwenye adapta ndani zilikuwa volti 12. Kule nje, alipoziba kamera kwa kiganja ili taa zake za usiku ziwake, zikashuka hadi 9. Ndiyo maana mchana ilikuwa nzima na usiku mgonjwa: usiku inataka umeme mwingi zaidi, na umeme haufiki.

Nne, na hili lilinipendeza sana, aliibandua kamera, akaileta sebuleni, akaiunga na skrini kwa waya mfupi. Picha ikawa safi. Akasema, "Maalim, kamera nzima, skrini nzima. Ugonjwa uko njiani."

Tukaufuata waya mpaka chini ya paa. Pale palikuwa na maungio yaliyofungwa kwa tepu tu. Alipoifungua, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Hewa ya bahari na maji ya mvua vimefanya kazi yake. Akakata sehemu mbovu, akaunga upya kwa risasi, akaweka ndani ya kiboksi kisichoingia maji. Basi, picha ikatulia.

Nikamwambia, "Alhamdulillahi, na kengele haitajilia tena."

Akanitazama kwa adabu. "Maalim, kitufe hakina tatizo. Kutu ile iliharibu picha tu. Kama kengele ililia mara tatu, kuna mtu aliibonyeza."

Akatoka nje, akasimama ubavuni mwa mlango, akanyoosha mkono na kubonyeza. Kengele ikalia. Picha ilikuwa safi kabisa, na hapakuonekana mtu.

Ndugu zangu, moyo wangu ulishtuka.

Haikupita wiki mbili nikasikia kuwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, anayeswali safu ya kwanza, amerudi kutoka hospitali Dar es Salaam alikofanyiwa upasuaji. Nikaenda kumzuru. Baada ya salamu na kujuliana hali akaniambia, "Maalim, usiku ule kabla ya safari nilikuja kwako. Nilibonyeza mara tatu, nikarudi."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, ulisimama wapi? Mbona sikukuona?"

Akasema, "Si wewe uliyetufundisha tusiukabili mlango wa mtu? Nilisimama pembeni."

Alikuja kuandikisha wasia. Ana amana ya fedha za mayatima wa rafiki yake, na hapakuwa na mtu mwingine anayeijua. Alitaka mashahidi wawili kabla ya kulala chini ya kisu. Lau angefikwa na ajali yake kule, haki ya mayatima ingezikwa naye, nami nilikuwa ndani nakunywa chai. Nilimwomba radhi. Akanisamehe, na jioni ile ile tukauandika mbele ya mashahidi.

Sasa nitaje ile sababu yangu. Niliipenda kamera kwa kuwa ingenipa nafasi ya kuchagua nani nimfungulie. Waombaji wamekuwa wengi, mashauri ya ndoa hayaishi, na mimi huchoka. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kumwambia mgeni arudi. Surat An-Nur, aya ya 28, imeeleza hivyo, na mgeni hapaswi kukasirika. Lakini kumwambia mtu arudi ni jambo moja, na kumwacha mlangoni bila jibu ni jambo jingine.

Mtume wetu (s.a.w.) alipofika kwenye mlango wa mtu alikuwa akisimama kuliani au kushotoni, kwani nyumba za wakati ule hazikuwa na mapazia. Akatufundisha pia kubisha mara tatu, na tusipojibiwa turudi. Na alibainisha kuwa kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho, lisione lisiloruhusiwa. Mzee yule aliyatimiza yote. Aliyeshindwa ni mwenye nyumba aliyemsomesha.

Basi nakuusieni, nami nikijiusia kwanza. Ukifunga kamera, ielekeze mlangoni kwako, isichungulie ua wa jirani, kwani tumekatazwa upelelezi. Ikiharibika, anza na mambo mepesi: umeme, kioo, maungio ya waya, kabla hujamlaumu aliyeitengeneza. Kengele ikilia na huoni mtu, usiseme hakuna mtu. Bonyeza useme, "Nani mwenzangu?" Ukiona kimya, toka kama ni salama kutoka. Nawe mgeni ukiulizwa, usijibu "mimi", taja jina lako, kwani Mtume (s.a.w.) hakulipenda jibu hilo. Na mwenye amana au deni asilale bila kuandika.

Mimi sasa kengele ikilia, nauliza kwanza, kisha ndiyo natazama skrini.

Allah atujaalie milango yetu iwe ya kheri, na atusamehe wale tuliowaacha nje. Amin.

Wabillahi tawfiq.