Datsun Iliyonitoa kwenye Puti

Mimi ni fundi bodi wa Mombasa, na katika gereji nilikolelewa kutu ilikuwa na dawa moja tu. Unakwangua juu juu, unapaka puti, unapiga msasa, unapuliza rangi, gari linaondoka likimeremeta. Rangi ikivimba tena baada ya masika, tulisema ni chumvi ya bahari, nayo haina mkubwa wala mdogo. Ndivyo mafundi wote tuliowajua walivyofanya, na ndivyo wateja walivyokuwa tayari kulipia. Leo sifanyi kazi hiyo tena. Kilichonigeuza ni gari moja, Datsun 240Z.

Wapenzi wa mbio za magari za Safari wanalijua. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Boneti ndefu, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, injini ya lita 2.4. Nissan walilizindua mwaka 1969, na hata leo likipita barabarani watu wazima wanasimama kulitazama.

Lile tulilolipokea sisi halikuwahi kushindana popote. Dada mmoja alikuwa ameachiwa gari hilo na marehemu baba yake, na lilikuwa limelala bandani karibu na bahari kwa miaka mingi. Alisema neno ambalo halijanitoka: "Fundi, sitaki gari la kupigia picha. Nataka nimpandishe mama, nimpeleke Malindi."

Nikang'oa zulia. Bisibisi ilizama kwenye sakafu bila kusukumwa. Chini ya betri, asidi iliyokuwa ikidondoka ilikuwa imekula kibao chake na kushuka hadi kwenye reli iliyo chini. Mashimo ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele yalikuwa yamezibwa na majani makavu, kwa hiyo kila mvua iliyonyesha ilitafuta njia ya ndani. Vile vipele vidogo vya rangi nyuma ya milango, ambavyo siku nyingine ningevifunika mchana mmoja, vilikuwa ni kutu iliyokwisha kula bati kutoka upande usioonekana.

Na gari hili halina chasisi ya peke yake. Bati ndilo chasisi. Sakafu, vizingiti vya milango na reli za chini ndivyo vinavyobeba injini, abiria na kila pigo la barabara. Puti haibebi hata kilo moja. Nilipomfikiria yule mama mzee ameketi juu ya sakafu ile, nilijua kwamba hapa ni kukata.

Mwenye gari alipokuja kutazama aliguta. "Fundi, mbona mmelitoboa hivi?"

"Hatukulitoboa, dada. Matundu yalikuwepo, tumeyafunua tu."

Kabla ya kukata kizingiti tulichomelea mabomba ya kuegemeza kwenye matundu ya milango, ili bodi isijikunje. Bila hivyo utamaliza kazi nzuri halafu mlango ukatae kufunga, na hapo hakuna rangi itakayokuokoa. Zile nukta za kiwandani zinazounganisha mabati tulizitoboa moja moja kwa keekee. Tulikata mpaka tukafika kwenye chuma cheupe, si mpaka pale kutu ilipoonekana kupungua, kwa sababu ikibaki kidogo inaendelea kula chini ya kiraka.

Adui wa bati la milimita moja ni joto. Ukivuta mstari mrefu wa moto, bati linapinda na kuvimba. Niliweka nukta moja huku, nyingine kule mbali, nikasubiri zipoe zenyewe, kisha nikarudi katikati. Ni kazi ya polepole mno, nami nimeipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Sehemu iliyovimba unaipasha nukta ndogo hadi iwe nyekundu, unaigonga taratibu kwa nyundo huku chuma kizito kikikinga chini, halafu unaipoza kwa kitambaa kilicholowa, na bati linajikaza. Mara ya kwanza kuliona likirudi chini ya mkono wangu nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Ndani tulipaka praima ya zinki, maungio tukayaziba, na nta tukaipuliza ndani ya vizingiti. Puti ilikuja mwisho, utando mwembamba wa kulainisha tu. Mama alifika Malindi.

Wateja wengine hunikimbia nikiwatajia gharama, na siwalaumu, maisha ni magumu. Lakini sakafu na vizingiti sifuniki tena kwa bei yoyote. Vijana ninaowafundisha hawagusi kopo la puti mpaka waweze kuunganisha mabati mawili membamba, kuyageuza, na kunionyesha kuwa moto umepenya sawasawa upande wa pili.