Kalibu ya Mguu wa Dawati

Kila afyatuaye matofali aijua kalibu: ikiwa imepinda, matofali yote hupinda, na yaliyokwisha kuchomwa hayanyoki tena.

Mwaka jana sisi walimu tulichora madawati 40 katika kompyuta, ili seremala apate vipimo kabla ya kuzikata mbao walizozinunua wazazi. Tulichora mguu mmoja, tukaunakili hata ikawa miguu 160, kila nakala ikisimama peke yake. Ndipo mtoto mmoja alipoutazama mchoro akauliza, "Mwalimu, tutaandika tumesimama?" Tukapima, tukaona miguu imezidi sentimita 8. Tulikesha tukiipunguza mmoja mmoja.

Baadaye tukajifunza njia aliyoionyesha Ivan Sutherland huko Marekani mwaka 1963, katika programu yake iitwayo Sketchpad: kitu huchorwa mara moja kiwe asili, na nakala zote hufungamana nacho. Ukiirekebisha asili, nakala hufuata papo hapo. Programu za leo, kama SketchUp, hufanya vivyo hivyo kwa umbo lenye urefu, upana na kimo; na umbo hilo laweza kuwekwa akiba kwa kazi nyingine.

Walakini kosa la asili nalo huenea vivyo hivyo. Kwa hiyo mguu wa kwanza twaupima mara mbili. Tena dawati la mwanafunzi wetu atumiaye kiti cha magurudumu tulilitenga na asili, maana limfaalo yeye ni lililoinuka zaidi.

Haya yote na yatendeke kabla ya msumeno. Mbao zikikwisha kukatwa, ni matofali yaliyochomwa.